Aliyepandikizwa figo: “Najisikia mzima” si kipimo

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, matibabu haya yamesogea karibu na familia zetu. Hata hivyo, upasuaji ni mwanzo tu. Leo tuangalie kwa nini aliyepewa figo lazima apimwe kinga yake maisha yote.

Askari wa mwili ni chembe nyeupe za damu. Miongoni mwake zipo CD4, ambazo wengi tumezisikia katika habari za UKIMWI. Askari hawa hawajui kwamba figo ya ndugu ni zawadi. Wao huiona mgeni na kuishambulia. Mwaka 1954 huko Boston, Marekani, Dk. Joseph Murray alifanikiwa kupandikiza figo kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana. Wasiokuwa pacha wa aina hiyo huhitaji dawa za kutuliza kinga, kama takrolimusi.

Hapo ndipo penye mtihani. Dawa ikiwa pungufu, askari huamka na kuiharibu figo, mara nyingi bila maumivu yoyote mwanzoni. Ikizidi, askari hulala mno, na maradhi huingia.

Daktari hujuaje? Kwanza, hupima kiwango cha dawa katika damu. Damu hii huchukuliwa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Basi siku ya kliniki nenda na dawa yako mkononi, uimeze baada ya kutolewa damu. Pili, hupima kreatinini na protini katika mkojo, kuona kama figo inafanya kazi. Tatu, hutafuta virusi kama CMV na BK, ambavyo huamka kinga inapolala.

Kipo pia kipimo cha nguvu za chembe zenyewe, ImmuKnow, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2002. Chembe za CD4 huchokozwa maabara, kisha hupimwa nishati wanayoitoa. Lakini matokeo ya tafiti juu yake yamepishana, hivyo hakiwezi kutegemewa peke yake.

Nyumbani, zingatieni haya:

- Dawa imezwe kwa saa zilezile kila siku, wala isikatwe kwa sababu mgonjwa amepata nafuu.
- Asitumie mitishamba wala dawa ya dukani bila kumuuliza daktari. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha takrolimusi. Erithromaisini na balungi huipandisha.
- Maji ya kunywa yachemshwe na nyama iive vizuri.
- Homa, mkojo kupungua, kuvimba miguu au maumivu penye figo: hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri mkidhani ni malaria.

Kuhusu Ramadhani, takrolimusi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na kukosa maji kunaweza kuidhuru figo. Mgonjwa asijiamulie mwenyewe. Amwone daktari wake mapema, tangu Shaaban, na akikatazwa kufunga asione unyonge: ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara.

Ndugu aliyetoa figo yake ametoa kitu kisichorudi. Kuitunza kwa dawa na vipimo ni kuitunza amana. Wabillahi tawfiq.