Gari Lipashwe Joto Nje, Siyo Bandani

Miezi ya Juni na Julai huku Njombe na Makete ni ya baridi kali. Asubuhi nyingine sakitu hufunika majani. Wenye magari huwasha injini mapema ipate joto kabla ya safari. Jambo hilo si baya. Ubaya uko pale injini inapoachwa ikiunguruma ndani ya banda lililoungana na nyumba, milango imefungwa kuzuia baridi.

Asubuhi moja tulimpokea mama na mtoto wake, ambao chumba chao kinapakana na banda la gari. Walikuwa wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu na wanatapika. Mama alidhani ni malaria, lakini hawakuwa na homa. Kumbe baba aliwasha gari bandani, akaenda jiko la nje kunywa chai. Tuliwapa oksijeni, wakapona. Wangechelewa, huenda tungewapoteza.

Moshi wa gari una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala haina harufu. Ikivutwa, hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo ubongo na moyo hukosa oksijeni. Injini ikiwa bado baridi huitoa kwa wingi zaidi. Aliyelala aweza kufa bila kuamka. Mama wajawazito na watoto wachanga wako hatarini zaidi.

Basi tuzingatie haya:

1. Ukishawasha gari, litoe nje mara moja, mbali na madirisha. Kufungua mlango wa banda tu hakutoshi.

2. Usisubiri mno. Magari ya zamani yenye kabureta yalihitaji muda. Mengi ya siku hizi hutosheka na nusu dakika hivi, kisha dereva aende taratibu mpaka injini ipate joto.

3. Watu kadhaa nyumbani wakiumwa kichwa na kutapika kwa pamoja, watoeni nje, zimeni injini, wapelekeni hospitali hata kama wamepata nafuu. Tuelezeni kwamba gari liliwashwa ndani.

4. Jiko la mkaa hutoa sumu hiyo hiyo. Msilale nalo chumbani.

Baridi huvumilika kwa blanketi na chai ya moto. Tahadhari kabla ya hatari.