Kinyozi Hajinyoi: Ulezi Rika Miongoni mwa Wahadhiri wa Vyuo Vikuu

Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya ualimu nchini Kenya hapati shahada yake kabla ya kupelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Huko huandaa mpango wa somo na kusimama mbele ya darasa, huku mkufunzi wake akiwa ameketi nyuma, kalamu mkononi. Mtu huyo huyo akiendelea hadi uzamili au uzamifu katika isimu ama fasihi, anaweza kukabidhiwa ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, na asiwepo tena mtu wa kuketi nyuma hadi atakapostaafu. Fauka ya hayo, wapo wahadhiri waliobobea katika fani zao pasi na kupata mafunzo yoyote ya ualimu. Huchukuliwa kwamba ajuaye somo ajua pia kulifundisha. Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini dhana hiyo ina kasoro, na jinsi ulezi rika unavyoweza kuziba pengo hilo.

Maana ya ulezi rika

Ulezi rika ni utaratibu wa wahadhiri kusaidiana kuboresha ufundishaji wao. Rika hapa si la umri bali la kazi: wanaohusika ni wenza, hata kama mmoja ana mvi na mwingine ni chipukizi. Aghalabu utaratibu huu huwa na hatua tatu. Kwanza, wawili hao hukutana kabla ya kipindi, na atakayefundisha hutaja jambo moja analotaka litazamwe. Pili, mwenzake huhudhuria kipindi na kuandika anayoyaona, si anayoyafikiria. Tatu, hukutana tena faraghani kujadili yaliyojiri, kisha hubadilishana zamu.

Faida ya utaratibu huu hudhihirika katika mambo madogo. Mhadhiri wa fonolojia huuliza, "Mmeelewa?" Kimya kikitanda, yeye hukichukua kuwa ndiyo, akaendelea. Aliyeketi nyuma huona tofauti: safu tatu za mwisho hazisikii vyema, na wanaojibu maswali ni wale wale wanne wa mbele. Mhadhiri hawezi kuyaona hayo akiwa ubaoni. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi.

Kwa idara za Kiswahili kuna faida nyingine mahususi, nayo inahusu istilahi. Mhadhiri mmoja hufunza irabu, mwingine vokali. Mmoja husema nomino, mwingine jina. Mwanafunzi atokaye ukumbi mmoja na kuingia mwingine hudhani anafunzwa dhana nne, kumbe ni mbili. Wahadhiri wasiotembeleana madarasani huenda wasigundue mkanganyiko huo mpaka wausome katika karatasi za mtihani.

Ulezi na tathmini

Ni muhimu kutofautisha ulezi rika na tathmini. Dodoso ambalo wanafunzi hujaza mwishoni mwa muhula huleta taarifa wakati kozi imekwisha, hivyo waliotatizika hawafaidiki. Mtahini wa nje naye hupitia maswali na majibu, lakini haoni ufundishaji uliyoyazaa. Isitoshe, upandishaji vyeo hutegemea sana machapisho. Mhadhiri anayetumia jioni nzima kuboresha mhadhara wake hana cha kuonyesha mbele ya kamati.

Ulezi rika huja katikati ya muhula, wakati ambapo bado kuna la kurekebishwa. Sharti lake kuu ni siri. Maandishi ya mtazamaji yakipelekwa kwa mkuu wa idara, ulezi hugeuka ukaguzi, na mhadhiri huanza kuigiza badala ya kufundisha.

Mfano wa Eldoret

Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kutafuta mifano mbali. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka wa 1984, na bewa lake kuu liko Kesses. Kitivo chake cha tiba, hata hivyo, kiko mjini Eldoret kando ya hospitali, na kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1990. Tangu mwanzo kitivo hicho kilichagua mbinu ya kufundisha kwa kutumia matatizo: wanafunzi huketi katika vikundi vidogo, hupewa kisa cha mgonjwa na kutafuta maarifa wao wenyewe. Mbinu hiyo humtaka daktari aliyezoea kuhutubu ajifunze kuuliza, kusubiri na kunyamaza. Hayo hayapatikani katika vitabu vya tiba. Hupatikana kwa kumtazama mwenzako akiyatenda.

Halikadhalika, mwaka wa 1989 ushirikiano ulianza baina ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Msingi wake ulikuwa wenza: wahadhiri wa pande mbili kufanya kazi bega kwa bega wodini na darasani. Katika ushirikiano huo ndimo ulimochipuka mpango wa AMPATH mwaka wa 2001, ulioanza kwa kukabiliana na Ukimwi magharibi mwa Kenya.

Katika kanda nzima, mradi wa TESCEA wa mwaka wa 2018 hadi 2021 uliwakutanisha wahadhiri wa vyuo vya Mzumbe na Dodoma nchini Tanzania, na Gulu na Uganda Martyrs nchini Uganda, ili wabuni upya kozi zao kwa pamoja. Chama cha AFELT cha Kenya kilikuwa miongoni mwa washirika wake.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni heshima. Mhadhiri kijana atamwambiaje profesa aliyemfunza kwamba wanafunzi wanasinzia? Dawa ni mkubwa kutangulia kufungua mlango wa darasa lake. Inafaa pia kuwaoanisha wahadhiri wa idara tofauti, kwani mtu wa historia akihudhuria somo la arudhi huona kwa macho ya mwanafunzi.

Kikwazo cha pili ni wakati. Mzigo wa vipindi na usahihishaji ni mkubwa, na kazi isiyotengewa saa katika ratiba hufa. Cha tatu, na labda kizito zaidi, ni hali ya wahadhiri wa muda. Hawa hulipwa kwa saa, hutoka bewa moja kwenda jingine, na aghalabu hawana hata ofisi. Wao ndio wanaohitaji ulezi zaidi, na ndio wanaosahauliwa kwanza.

Hitimisho

Ulezi rika hauhitaji jengo wala mashine. Wahitajika wahadhiri wawili, saa chache katika muhula, na ahadi ya kutunza siri. Chama cha wanafunzi nacho kina nafasi yake, kwani wanachama wengi ndio walimu na wahadhiri wa kesho. Wakizoea sasa kusikilizana wanapowasilisha makala na kuambiana ukweli kwa adabu, hawatauogopa mlango ulio wazi watakapokuwa wao ndio walioshika chaki.