ORS Haizuii Kuharisha: Kwa Nini Basi Inaokoa Maisha?

Katika semina za afya ya jamii kwenye sharika zetu, swali moja hujirudia: "Mtoto tumempa maji ya ORS tangu asubuhi na bado anaharisha. Dawa hii inafanya kazi kweli?" Swali hili ni la haki. Mzazi asiyepata jibu lake huacha kumnywesha mtoto katika saa zile zile ambazo mtoto anahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote. Ili kulijibu, hatuna budi kuingia ndani ya utumbo, hadi kwenye seli.

Seli na milango yake

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Chumvi na sukari haziwezi kujipenyeza kwenye utando huo, hivyo hupita kwenye milango maalumu iliyojengwa kwa protini.

Seli za utumbo mwembamba zina mlango mmoja wa ajabu. Hupokea chembe mbili za sodiamu, ambayo imo katika chumvi ya mezani, pamoja na chembe moja ya glukosi, na kuziingiza zote kwa mkupuo mmoja. Bila glukosi, mlango huo hauingizi sodiamu. Kutoka hapo pampu iliyo upande wa pili wa seli huisukuma sodiamu kuelekea kwenye damu, na maji huifuata. Ushirikiano huu wa sodiamu na glukosi ulielezwa na mwanasayansi Robert Crane mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika mjini Prague.

Kipindupindu hufanya nini?

Bakteria wa kipindupindu hawaui seli za utumbo. Hutoa sumu inayonasa juu ya utando, kisha seli yenyewe huimeza ndani ya kifuko kidogo. Ikishafika ndani, sumu hiyo huwasha ishara isiyozimika. Milango ya kloraidi hufunguka na kubaki wazi, kloraidi humwagika ndani ya utumbo, sodiamu na maji hufuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 ya maji kwa saa.

Lakini sumu hiyo haiufungi ule mlango wa sodiamu na glukosi. Maji yanatoka kwa mlango mmoja, nasi tunaweza kuyarudisha kwa mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya ORS. Haizibi panapovuja, bali inajaza mtungi kwa kasi ya kutosha hadi ugonjwa uishe wenyewe. Katika magonjwa mengine mengi ya kuharisha pia, mlango huo huendelea kufanya kazi.

Ushahidi wa kambini

Mwaka 1968, madaktari David Nalin na Richard Cash walithibitisha jambo hili kwa wagonjwa wa kipindupindu huko Dhaka. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh walijaa katika kambi ya Bangaon nchini India, na dripu zikawa haba. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya chumvi, glukosi na magadi ya kuokea katika maji, na ndugu wa wagonjwa wakawanywesha wagonjwa wao. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Kipimo ni uhai

Sukari ikizidi, hubaki utumbo na kuvuta maji kutoka mwilini, na kuharisha huongezeka. Ndiyo maana soda na juisi tamu hazifai. Chumvi ikizidi nayo ni hatari kwa mtoto. Tunashauri yafuatayo:

- Tumia pakiti ya ORS na maji safi na salama, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti.
- Pakiti ikikosekana, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kurundika.
- Kila anapoharisha, mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo. Akitapika, subirini dakika 10, kisha endeleeni polepole.
- Mwageni yaliyobaki baada ya saa 24.
- Endeleeni kumnyonyesha na kumlisha, na ombeni vidonge vya zinki kwenye zahanati.

Mtoto akishindwa kunywa, akilegea sana, macho yakidumbukia, au akiharisha damu, mkimbizeni kituo cha afya bila kuchelewa, mkiendelea kumnywesha njiani kama bado anaweza kunywa.

Basi jirani akikuuliza kwa nini mtoto bado anaharisha, mwulize nawe: Je, anakojoa? Macho yana uhai? Anakunywa vizuri? Kama ndivyo, maji yanaingia. Msiache kumnywesha.