Ngoma Bila Msimulizi ni Gogo Tu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo hutajwa sana madukani na katika vyama vya ushirika, lakini inafaa zaidi kwa mambo ya utamaduni. Kwani aliyepotewa na ng'ombe aweza kununua mwingine, bali ujuzi uliozikwa pamoja na mzee haununuliki sokoni.

Msafiri atokaye Bariadi kwenda Mwanza hupita Lamadi, akaingia barabara kuu ya Musoma, akazipita Nyashimo na Magu hadi Kisesa. Hapo, kiasi cha kilomita 20 kabla ya Mwanza, pana njia ya kupanda kilima cha Bujora. Wengi huipita bila kugeuza shingo. Watalii wanaharakia Serengeti, na wananchi wenyewe wanaharakia mjini.

Na kilimani hapo ndipo palipo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeanza kazi Bujora katika miaka ya 1950. Jengo mojawapo limejengwa kwa umbo la kiti cha ntemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za kitemi. Ipo nyumba ya mhunzi na ipo ya mganga. Yapo pia mambo ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo ushindani wao hushuhudiwa hapo hapo katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni.

Yafaa tujiulize thamani ya ngoma zile yatoka wapi. Mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu Tanganyika. Taifa changa lilihitaji umoja, na uamuzi ule ulikuwa na hekima yake. Lakini ngoma iliyokuwa ikitangaza utawala ilibaki haina kazi, na chombo kisicho na kazi huliwa na mchwa, hupasuliwa kuni au huuzwa kwa mgeni. Iliyofika kwenye makumbusho imeokoka. Hata hivyo, imeokoka nusu tu ikiwa hakuna awezaye kueleza ilipigwa lini, na nani, na kwa mdundo gani. Ngoma bila msimulizi ni gogo lililowambwa ngozi. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka ule wa 1963, leo amevuka 80. Muda uliobaki si mrefu.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Umri wake ni mdogo, lakini Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega zina historia ndefu. Hapa pamba imelimwa kwa vizazi, na wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 katika shirikisho kubwa la ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hapa pia upo ujuzi wa ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate majani kiangazi. Ujuzi huo wa wazee ndio uliotegemewa na mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, kurudisha miti katika nchi iliyokuwa inageuka jangwa. Hayo nayo yanastahili makumbusho, sawasawa na mikuki na viti vya watemi.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hili. Waliona Desemba 2020 jinsi sehemu ya Jumba la Ajabu, lililojengwa mwaka 1883, ilivyoporomoka. Wanajua kwamba ukubwa wa jengo si kinga. Wanajua vilevile, kwa mfano wa makumbusho yaliyomo katika ngome kongwe ya Chake Chake, kwamba urithi waweza kutunzwa karibu na wenyewe, bila wote kusafiri hadi mji mkuu.

Kwa hiyo, viongozi wa halmashauri wasingoje fedha za jumba la fahari. Kila wilaya yaweza kuanza na chumba kimoja kisichovuja, mtumishi mmoja mwenye moyo, na daftari moja. Katika daftari hilo liandikwe jina la kila kifaa kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, aliyekitengeneza, aliyekitoa, na maneno ya mzee anayekifahamu. Walimu nao wawapeleke watoto Bujora, na wasiende peke yao. Wafuatane na mzee wa kijiji, awe mwalimu wa siku hiyo.

Kazi hiyo ianze mara baada ya mavuno ya pamba, wazee wanapopata nafasi ya kukaa kivulini na kusimulia. Jumba litafuata baadaye. Daftari haliwezi kungoja.