Ukinzani wa Migusano katika Vipoozeo Vidogo vya Umemejoto Vinavyojengwa kwa Elektrolisisi

Kipoozeo cha umemejoto hakina pampu wala sehemu inayozunguka. Mkondo wa umeme unapovuka makutano ya vipitishi viwili visivyofanana, makutano hayo hupoa au hupata joto kulingana na mwelekeo wake, kama alivyobainisha Jean Peltier mwaka 1834. Karibu na joto la chumba, nusukipitishi inayotumika zaidi ni teluridi ya bismathi, ambayo kigezo chake cha ubora, zT, hukaribia 1 katika bonge lililotengenezwa vizuri.

Kupooza leza ya mawasiliano au doa moja lenye joto kali juu ya chipu kunahitaji nguzo fupi za nusukipitishi hiyo, kwa kuwa joto linaloweza kuondolewa katika kila eneo huongezeka kadiri nguzo inavyofupishwa. Bonge likikatwa jembamba mno huvunjika. Njia za ombwe nazo hujenga utando polepole na kwa gharama. Elektrolisisi huziba pengo hilo kwa kujenga makumi ya mikromita katika saa chache.

Ioni za bismathi na za teluri huwekwa katika mmumunyo wa asidi ya nitriki, na elektroni 18 hutumika kuunda kila kizio cha Bi₂Te₃ juu ya kathodi. Mara nyingi matabaka ya fuwele hukua yakiwa yamesimama wima, na umeme hupita vizuri zaidi sambamba na matabaka hayo kuliko kuyakatiza. Hiyo ni bahati njema, kwani ndiyo njia ya mkondo katika kifaa. Antimoni, inayohitajika katika nguzo za aina ya p, ni sumbufu zaidi: huyeyuka kwa shida katika asidi hiyo, hivyo huongezwa asidi ya tatariki ili kuishikilia.

Tafiti nyingi huishia kwenye zT ya utando. Kwa kifaa kidogo, kipimo hicho hakitoshi. Mwaka 2003 G. Jeffrey Snyder na wenzake, nchini Marekani, walichapisha kifaa chenye nguzo 126 zilizojengwa kwa elektrolisisi, kila moja ikiwa na urefu wa mikromita 20 na kipenyo cha mikromita 60. Ichukuliwe nguzo ya urefu huo, kwa thamani za mfano tu, yenye ukinzani mahususi wa 10⁻⁵ Ω·m: ukinzani wake kwa eneo ni 2 × 10⁻¹⁰ Ω·m². Ikiwa kila mgusano wa metali na nusukipitishi una 10⁻¹⁰ Ω·m², migusano miwili inalingana na nguzo nzima. zT ya 1 inabaki 0.5, na tofauti kubwa kabisa ya joto, upande wa moto ukiwa kelvini 300, inashuka kutoka takribani kelvini 80 hadi 51. Katika nguzo ya milimita 1, migusano hiyohiyo ingeongeza ukinzani kwa asilimia 2 tu. Mtafiti anayetumia miezi kuongeza zT ya utando kwa sehemu ya kumi, huku uso wake ukiwa na oksidi kabla ya kuwekewa metali, anashughulikia upande usio na uzito.

Watafiti wa IFW Dresden, Ujerumani, walipochapisha kipoozeo chao mwaka 2018, waliripoti mwitikio wa milisekunde 1 na mizunguko milioni 10 ya kupooza. Hivyo ni vipimo vya kifaa.

Hata zT ya utando wenyewe hupimwa kwa mashaka. Tabaka la dhahabu lililo chini ya utando hupitisha mkondo mwingi kuliko utando, kwa hiyo utando hubanduliwa kwa gundi ya epoksi na kupimwa kwa ulalo, ilhali katika kifaa mkondo hupita wima. Njia ya moja kwa moja zaidi ni kujenga nguzo za urefu tofauti kwa kubadili muda wa elektrolisisi, kupima ukinzani wa kila moja, kisha kuuchora dhidi ya urefu. Mahali mstari unapokata mhimili, urefu ukiwa sifuri, ndipo ukinzani wa migusano miwili unaposomeka.