Jino Moja la Mbele: Hesabu ya Cheni kwa Banshee Kuukuu

Yamaha Banshee iliingia sokoni Marekani mwaka 1987 na ikauzwa huko hadi 2006. Ni pikipiki ya magurudumu manne yenye injini ya stroki mbili, pistoni mbili na ujazo wa cc 347, ndugu wa injini iliyokuwa kwenye pikipiki ya barabarani ya RZ350. Mwaka 1988 kampuni zilizotengeneza pikipiki za porini za magurudumu matatu zilikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza kwa sababu ya ajali, na wapenzi wa vumbi wakahamia kwenye za magurudumu manne. Hata Banshee changa kabisa ya soko la Marekani, ile ya 2006, imekula chumvi ya kutosha. Bado zinapanda vilima vya mchanga vya Glamis, kusini mwa California, na bado wenye nazo wanabishana juu ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni.

Kutoka kiwandani Banshee ilikuwa na sproketi ya meno 14 mbele na 41 nyuma. Gawanya 41 kwa 14, unapata 2.93, yaani sproketi ya mbele huzunguka karibu mara tatu ili ekseli ya nyuma izunguke mara moja. Ukifunga ya meno 13 mbele, hesabu inapanda hadi 3.15. Mvuto kwenye magurudumu unaongezeka kwa asilimia 8 hivi, na kasi katika kila gia inapungua kwa asilimia 7. Ukifunga ya 15, inashuka hadi 2.73 na mambo yanageuka. Jino moja la mbele lina uzito wa karibu meno matatu ya nyuma. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake huanza kujaribu mbele, kwa kipande kidogo cha bei nafuu, kabla ya kuigusa sproketi kubwa.

Tatizo ni kwamba wengi wakishabadili hudhani wameongeza nguvu. Hakuna sproketi inayozaa nguvu. Injini iliyochoka pistoni na ringi itabaki imechoka hata ukiifungia meno ya dhahabu. Unachokichagua ni mahali ambapo nguvu iliyopo itatumika. Banshee haina kitu mizunguko ikiwa chini. Huamka ghafla ikishapanda. Mchangani, kwenye matairi ya pala yanayochota mchanga badala ya kuteleza juu yake, mzigo ni mkubwa mno, na kila unapopandisha gia injini huanguka chini ya eneo lake la nguvu. Hapo meno 13 huisaidia kubaki macho. Lakini peleka mashine hiyohiyo kwenye njia ngumu ya tambarare, nayo 13 itakuudhi: gia ya kwanza imeisha kabla hujakaa vizuri kitini, na ya sita inalia mapema. Kuna wanaoshuka hadi 12. Siwashauri. Cheni inakunjwa mno kwenye duara dogo hivyo, inakwaruza mkono wa nyuma unaoshika ekseli, na inaisha haraka.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wa mashine kuukuu husahau kuliko yote, nalo ni tairi. Mmiliki wa kwanza huenda alifunga matairi ya nyuma ya inchi 22 badala ya 20. Hiyo ni asilimia 10 ya kimo, zaidi ya jino zima la mbele, na hakuna aliyeandika popote. Pima tairi na uhesabu meno yaliyopo kabla ya kuamini kuwa unaendesha hesabu ya kiwandani.

Tuje kwenye cheni yenyewe. Banshee hutumia 520. Tarakimu ya kwanza ni umbali kati ya pini na pini kwa sehemu ya nane ya inchi: tano ya nane, yaani milimita 15.875. Zinazobaki zinahusu upana wa ndani, ambao kwa 520 ni robo inchi. Msomaji mwenye bodaboda ataikumbuka 428 yake, ambayo pingili zake ni fupi, milimita 12.7. Sproketi za aina moja hazikubali cheni ya nyingine, hata muuzaji wa spea akiapa.

Cheni ya kawaida ni nyepesi na ya bei ndogo, na wakimbiaji wa mashindano wanaipenda, lakini inadai mafuta kila mara. Yenye oringi, yaani vipete vya mpira, imefungiwa grisi kati ya pini na bushi zake, hivyo mchanga na matope havifiki kirahisi. Kwa mtu wa matembezi ya wikendi, hii ndiyo ya kununua. Isafishwe kwa mafuta ya taa, kamwe si kwa petroli, maana petroli huharibu mpira wa oringi.

Uchakavu hupimwa kwa rula, jicho halitoshi. Vuta cheni ikaze, pima pingili 20. Kwa 520 mpya utapata milimita 317.5. Ikifika 321 anza kutafuta fedha. Ikifika 324 imekufa, na kuendelea nayo ni kuzitafuna sproketi. Ikikatika kwenye mwendo inaweza kujikunja mbele na kupasua kava la injini, na injini za zamani hivi hazipatikani kila duka.

Kabla ya kufunga mpya, inua nyuma ya mashine utikise magurudumu. Beringi za ekseli na bushi za mkono wa nyuma zikiwa zimelegea, cheni itakwenda upande na kuisha, hata uwe umelipa kiasi gani. Kutoka 14 kwenda 13 ekseli inarudi nyuma milimita 4 tu, kwa hiyo huhitaji kukata cheni. Ulegevu upimwe pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja, kwani hapo ndipo cheni hukaza kuliko popote. Ikikazwa kupita kiasi inaua beringi ya shafti inayobeba sproketi ya mbele. Na kama loki ya cheni ni ya klipu, upande wake uliozibwa utangulie kuelekea cheni inakokwenda.

Kwa Banshee ya kutembelea njia za porini, nunua seti nzima kwa pamoja: 520 ya oringi, 14 mbele na 41 ya chuma nyuma, maana ya alumini ni nyepesi lakini haidumu. Ile ya 13 iweke kwenye kisanduku cha spana kwa siku za mchanga.