Ngome mbili, askari mmoja na saa inayokwisha

RUSIZI, Rwanda. Anayeishi hapa hahitaji kuelezwa umuhimu wa daraja. Kamembe iko upande huu, Bukavu upande ule, na katikati kuna mto unaotoka Ziwa Kivu kuteremka hadi Tanganyika. Beseni la sambaza, kreti la nyanya, bunda la vitenge, vyote hupita Rusizi ya Kwanza au Rusizi ya Pili, kichwani, kwa baiskeli au kwa gari. Wala hahitaji kuelezwa maana ya saa. Mpaka una muda wake wa kufungwa, na mwenye samaki wabichi aliyechelewa kwa dakika kumi hana wa kumlalamikia.

Kwa hiyo mchuuzi wa Rusizi anaweza kuelewa upesi kuliko wengi jambo moja la mchezo wa sataranji linalowatesa hata mabingwa wa dunia. Ni ule mwisho wa mchezo ambapo kila upande umebaki na mfalme, ngome moja na askari wachache, huku dakika zikiwa zimekwisha na sekunde ndizo zinazohesabiwa. Hapo anayeshambulia hutafuta kufanya kitu ambacho wachezaji duniani kote hukiita kujenga daraja. Anayejilinda hufanya kile ambacho hapa tungekiita kufunga mpaka.

Kwa asiyeujua mchezo: ubao una miraba 64, idadi ileile ya kete za bao na za igisoro, ingawa undugu unaishia hapo. Ngome hutembea kwa mstari ulionyooka, mbele, nyuma au pembeni, umbali wowote ulio wazi. Askari husonga mbele tu, na akifika mwisho wa ubao hugeuka malkia, kete yenye nguvu kuliko zote. Ngome huanza mchezo zikiwa zimefungiwa pembeni, hutoka kwa kuchelewa, na kwa sababu hiyo mara nyingi ndizo zinazobaki wakati kete nyingine zimekwisha kuliwa. Mchezaji anaweza kucheza miaka asikutane na mtego fulani wa ufunguzi aliousoma kitabuni. Mwisho wa ngome atakutana nao tu.

Na saa? Kila mchezaji ana muda wake. Akisogeza kete anabonyeza, saa yake inasimama, ya mwenzake inaanza kwenda. Muda ukimwishia ameshindwa, hata kama ubaoni alikuwa anaongoza, isipokuwa mpinzani hana kete zinazoweza kumfunga mfalme kwa njia yoyote. Hapo ni sare. Zamani hakukuwa na huruma nyingine. Mwaka 1989 Mmarekani Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, alipata hataza ya saa inayomwongezea mchezaji sekunde kila anapocheza, na mwaka 1992 aliitumia mwenyewe alipokutana tena na Boris Spassky. Leo katika mashindano makubwa nyongeza huwa sekunde 30 kwa kila hatua. Ndani ya sekunde hizo mtu afikiri, asogeze, abonyeze saa kwa mkono uleule uliosogeza kete, kisha aandike hatua yake kwenye karatasi. Katika michezo ya haraka, ile ya dakika tatu au tano inayochezwa kwenye simu na katika vilabu vingi, mara nyingi hakuna nyongeza kabisa.

Tuanze na daraja. Askari wako amefika mstari wa saba, amebakiza hatua moja. Mfalme wako amesimama mbele yake, kwenye mraba uleule anaotakiwa kugeukia, kwa hiyo mwenyewe ndiye anayeziba njia. Ngome ya adui imemfungia kwa upande mmoja. Upande wa pili mfalme wa adui anasubiri, lakini ngome yako inashika safu iliyo kati yao na kumzuia asisogee karibu. Mfalme wako akitoka ovyo, ngome ya adui itamshambulia kutoka mbali, hatua baada ya hatua, na hatapata pa kujificha.

Dawa yake ni hii. Tumia ngome kumshambulia mfalme wa adui ili arudi safu moja zaidi. Kisha ishushe ngome hadi mstari wa nne kuhesabu kutoka upande wako, uiache hapo. Asiyejua huona hatua hiyo haina maana, maana ngome inaonekana imeondoka kwenye kazi. Sasa mfalme atoke. Atashambuliwa, ateremke akizungukazunguka karibu na askari wake. Atashambuliwa tena, ateremke tena. Akifika mstari wa tano na ngome ya adui ikimshambulia kutoka nyuma, ngome yako inateleza kwa pembeni na kusimama katikati yao kama nguzo. Mashambulizi yamekwisha, na askari anageuka malkia. Hatua zote hazizidi saba au nane. Anayezijua huzicheza kwa sekunde kumi. Asiyezijua akianza kuzitafuta wakati amebakiwa na sekunde kumi, hazipati. Tahadhari moja tu: askari wa safu ya pembeni kabisa ana mambo yake, na daraja hili halimsaidii.

Hali hiyo inaitwa kwa jina la Lucena, Mhispania aliyechapisha kitabu cha sataranji mwaka 1497. Cha ajabu ni kwamba kitabuni mwake haimo. Ilionekana katika kitabu cha Mwitaliano Salvio cha mwaka 1634. Si daraja la kwanza duniani kubeba jina la mtu ambaye hakulijenga.

Upande wa mlinzi kuna hali ya Philidor, mwanamuziki wa Kifaransa aliyeieleza mwaka 1777. Hapa askari wa adui hajafika mbali, yuko mstari wa tano kwa hesabu ya mwenyewe, na mfalme wako umemweka mbele kabisa ya njia yake. Ngome yako unaiweka mstari wa tatu kuhesabu kutoka upande wako. Huo ndio mpaka. Mfalme wa adui hawezi kuukanyaga. Wewe kazi yako ni kusogeza ngome kushoto na kulia juu ya mstari huohuo, bila haraka, bila ujanja. Adui akichoka atamsukuma askari juu ya mstari wa mpaka ili mfalme wake apate kujificha mbele yake. Dakika hiyohiyo, wala si kabla, ngome yako inakimbia hadi mwisho wa ubao na kuanza kumshambulia mfalme kutoka nyuma. Pale alipotaka kujificha pamekaliwa na askari wake mwenyewe. Sare.

Kosa la wengi ni kuukimbia mpaka mapema. Sekunde zinapopungua, mtu huona vibaya kusogeza ngome kushoto na kulia kama asiye na mpango. Hutaka kufanya kitu. Anaanza kushambulia kutoka nyuma wakati askari bado yuko mstari wa tano, mfalme wa adui anavuka, anajificha mbele ya askari wake, na mchezo uliokuwa sare unakwenda. Kosa lingine ni la mwoga: anaikalisha ngome kando ya mfalme wake, mstari wa mwisho, ilinde tu. Ngome isiyotembea ni mzigo. José Raúl Capablanca wa Kuba alionyesha kinyume chake New York mwaka 1924, alipomkabili Tartakower katika mwisho wa ngome. Aliwaacha askari wake waliwe kusudi mfalme wake awahi kuingia eneo la adui kuisaidia ngome iliyokuwa imeshatangulia huko. Akashinda. Mfanyabiashara aliyewahi kushusha bei ya nyanya saa za jioni ili asilale nazo hatahitaji maelezo marefu.

Basi ushahidi kwamba saa humvunja hata mkubwa uko karibu sana. Tarehe 12 Desemba 2024, Singapore, Ding Liren wa China, bingwa wa dunia, alicheza mchezo wa 14 na wa mwisho dhidi ya Gukesh Dommaraju wa India, kijana wa miaka 18. Walikuwa wamefungana pointi 6.5 kwa 6.5. Ubaoni kila mmoja alikuwa na ngome na askofu, Ding akiwa nyuma kwa askari mmoja, na wengi waliokuwa wakitazama walishajiandaa kwa sare na michezo ya kuvunja usawa. Lakini Ding alikuwa na muda mchache kuliko mwenzake. Katika hatua ya 55 aliipeleka ngome yake mbele ya ngome ya Gukesh, zibadilishane ziondoke. Kubadilishana kete huonekana kama kupumua. Zikipungua kete, hupungua na ya kufikiria. Gukesh alitazama, akatazama tena, akaila. Ngome zilipoondoka ikaonekana kwamba askofu wa Ding, aliyekuwa kona ya mbali, hawezi kukwepa naye kubadilishwa. Wakabaki wafalme na askari, hesabu ambayo mtoto wa shule ya sataranji angeimaliza. Hatua tatu baadaye taji lilikuwa limehama, na Gukesh akawa bingwa mdogo kuliko wote, akiipita rekodi ya Kasparov aliyetwaa taji akiwa na miaka 22 mwaka 1985.

Miaka sita kabla, London, tarehe 28 Novemba 2018, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walikuwa wametoka sare michezo yote 12. Wakaingia michezo ya dakika 25 na nyongeza ya sekunde 10. Mchezo wa kwanza ulikuwa mwisho wa ngome. Caruana angeweza kuuokoa, akakosea, na siku hiyo iliisha 3 kwa 0.

Ukanda wetu hauna bado jina katika michezo ya taji, lakini una historia. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, mtoto wa mama mchuuzi, alijifunza katika programu ya Robert Katende, na huko mmoja wa waliomwonyesha kete zinavyotembea alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012, Olimpiadi ya Istanbul, alifikia hadhi ya kwanza ya kimataifa kwa wanawake, na filamu ya maisha yake ikatoka mwaka 2016. Wanaopenda kusema sataranji ni mchezo wa wenye fedha wafikirie Katwe kwanza.

Kwa anayetaka kujaribu, hata akiwa foleni, vifaa ni vichache. Tovuti ya Lichess haina malipo wala matangazo, na mazoezi yake yana sehemu ya mwisho wa ngome, Lucena na Philidor wakiwemo. Kwa ubao wa kawaida, wawili wapange hali ya daraja, waweke dakika moja kila mmoja kwenye programu ya saa za sataranji katika simu, wacheze, kisha wabadilishane pande. Halafu wapange ya mpaka. Mara kumi kwa wiki moja zinatosha kuupa mkono kumbukumbu. Nusu dakika bila nyongeza ndiyo inayofuata, na simu ikae upande wa anayecheza kete nyeusi, kama mwamuzi atakavyoamua mashindanoni.